Vijana wa Atlanta na Gharama ya Kuwahi

Leo nawapeleka Marekani, kwenye besiboli, nikiwa na swali ambalo linamhusu kila anayependa timu. Timu ikibahatika kupata vijana wenye vipaji, watatu, wanne, watano kwa mpigo, ifanye nini ili wabaki pamoja kwa miaka mingi?

Nianze na vijana wawili. Msimu wa 2018 ligi ya National ilipata wachezaji wageni wawili ambao wakongwe wa mchezo ule walisema hawajaona mfano wao siku nyingi. Mmoja ni Ronald Acuña Jr., kijana wa Venezuela aliyekuwa na Atlanta Braves, miaka 20. Wa pili ni Juan Soto wa Jamhuri ya Dominika, mchezaji wa Washington Nationals, miaka 19. Timu zao ziko kundi moja na hukutana tena na tena kila msimu. Kura za chipukizi bora wa mwaka zilipohesabiwa, Acuña alishika nafasi ya kwanza, Soto akawa wa pili.

Baada ya hapo kila mmoja akashika njia yake. Aprili 2019, kabla hajatimiza hata mwaka mmoja tangu acheze mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, Acuña alisaini na Atlanta mkataba wa miaka minane wa dola milioni 100. Soto hakusaini. Julai 2022 Washington walimwekea mezani miaka 15 na dola milioni 440. Akakataa. Tarehe 2 Agosti mwaka huohuo akapelekwa San Diego, kutoka huko akaenda New York kwa Yankees, na Desemba 2024 akasaini na New York Mets mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765, mkubwa kuliko wowote uliokuwa umewahi kusainiwa katika besiboli.

Ukiangalia fedha peke yake utasema Soto alikuwa na akili na Acuña alipunjwa. Mimi sisemi hivyo. Lakini kwanza lazima nieleze utaratibu wenyewe, maana bila kuuelewa mengine yote yatapita juu ya vichwa vyetu.

Sisi tumezoea soka, ambako klabu inamnunua mchezaji kwa ada ya uhamisho. Katika besiboli ya Marekani kwa kawaida klabu hubadilishana wachezaji kwa wachezaji. Na kijana akishaingia ligi kuu, klabu inamshikilia kwa miaka sita. Miaka mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, hata kama yeye ndiye anayeibeba timu. Miaka mitatu inayofuata mshahara unapanda, na wakishindwa kuelewana, suala linakwenda kwa wasuluhishi wanaochagua kati ya kiasi alichotaja mchezaji na kile ilichotaja klabu. Mwaka wa sita ukiisha, yuko huru kwenda anakotaka. Sasa fikiria kijana anayeingia ligi kuu na miaka 24. Anapata uhuru wake akiwa na miaka 30, magoti yameanza kulalamika na bega la kurushia mpira limekwisha tumika sana.

Ndani ya utaratibu huu klabu zina uchochoro wao. Mwaka mmoja wa kazi unahesabiwa kuwa siku 172 za msimu. Mwaka 2015 Chicago Cubs walikuwa na kijana aitwaye Kris Bryant, mpigaji hodari ambaye tayari alikuwa hana cha kuthibitisha kwenye ligi ndogo. Msimu ulipoanza hawakumpandisha. Walimpandisha tarehe 17 Aprili. Mwisho wa mwaka akawa na siku 171. Siku moja pungufu, na klabu ikapata mwaka mzima zaidi wa kumshikilia. Bryant alilalamika rasmi kupitia chama cha wachezaji, na mwaka 2020 mwamuzi akaipa klabu haki. Kikanuni, sawa. Lakini unadhani kijana aliyekatwa siku moja namna ile atakaa mezani na watu walewale miaka mitatu baadaye, akubali kupunguza bei ili abaki nao?

Nitarudi Chicago. Kwanza tumalize la Acuña.

Acuña alisajiliwa na Atlanta akiwa na miaka 16, huko kwao Venezuela, kwa dola 100,000. Mwenzake Ozzie Albies, anayecheza beisi ya pili, kijana mfupi mwenye kasi kutoka Willemstad, kisiwa cha Curaçao, alisajiliwa kwa dola 350,000. Kwa nyumba nyingi za huko, na za kwetu pia, hizo ni fedha nyingi. Kwa mchezaji wa ligi kuu ni za kugawia wapambe. Kati ya siku ya kusajiliwa na siku ya kuingia ligi kuu kuna miaka ya kupanda mabasi ya ligi ndogo, mshahara mdogo, na hofu ya kuumia kabla hujafika. Vijana wengi hawafiki. Basi siku ambayo klabu inakuja na karatasi iliyoandikwa dola milioni 100, kijana haoni milioni 700 za mwaka 2024. Anaona nyumba ya mama yake. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mtu aliyekulia mahali penye nyoka anaelewa neno hilo kuliko wakala yeyote.

Hili halitupiti mbali hata sisi. Watoto wa Lugazi, Uganda, mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania, na tangu hapo klabu za ligi kuu ya Marekani zimesajili vijana wa Uganda. Kijana wa Kampala akiwekewa karatasi mbele yake, atakuwa na hesabu hiyohiyo aliyokuwa nayo Albies.

Na mkataba wa Acuña, tuuangalie kwa karibu. Mwaka 2019 alipata dola milioni moja. Mwaka 2020 milioni moja. Mwaka 2021 milioni tano. Mwaka 2022 milioni 15, halafu milioni 17 kila mwaka kuanzia 2023 hadi 2026, na klabu ikabaki na uamuzi wa kuongeza misimu ya 2027 na 2028 kwa milioni 17 kila mmoja. Sasa angalia mwaka 2023 alifanya nini. Alipiga mpira nje ya uwanja mara 41 na akaiba beisi 73. Hakuna mtu mwingine katika historia ya ligi kuu aliyewahi kupiga 40 na kuiba 70 katika msimu mmoja. Akachaguliwa mchezaji bora wa ligi ya National kwa kura zote, bila hata moja kupotea. Kwa milioni 17.

Lakini yapo na ya upande wa pili. Julai 2021, mjini Miami, Acuña aliruka kuufuata mpira pembeni mwa uwanja, akatua vibaya, kano ya goti la kulia ikakatika. Msimu ukaishia pale. Mei 2024, huko Pittsburgh, alikuwa anakimbia kati ya beisi, goti la kushoto nalo likafanya vilevile. Mara zote mbili mshahara wake haukuguswa. Ndiyo maana nakataa kumwita kijana huyu mjinga. Alinunua usalama, na usalama huo aliutumia mara mbili.

Wa Albies ndio unaoniuma. Siku chache baada ya Acuña, Albies alisaini miaka saba kwa dola milioni 35, na klabu ikapewa nafasi ya kuongeza misimu miwili, 2026 na 2027, kwa milioni saba kila mmoja. Mwenyewe alieleza kwamba alitaka familia yake iwe salama. Namheshimu kwa hilo. Ila klabu iliyokuwa upande wa pili wa meza ilikuwa na wanasheria, wataalamu wa takwimu na hesabu za miaka tisa mbele, na ilijua kabisa kwamba kinachotolewa hakifiki nusu ya thamani. Kumbakiza kijana ni jambo jema. Kumbakiza kwa kutumia umaskini aliotoka ni jambo lingine, na sioni kwa nini tulipigie makofi.

Wazo lenyewe la kuwahi halikuzaliwa Atlanta. Lilianzia Cleveland. Mwaka 1991 Cleveland walipoteza mechi 105, hawakuwa na fedha, na watu wa mji walikwishazoea kuona vijana wao wazuri wakiondoka. Meneja mkuu wao, John Hart, mwaka 1992 alifanya jambo ambalo lilionekana la ajabu: aliwaita vijana ambao bado hawajadai chochote, akina Sandy Alomar Jr., Carlos Baerga na mrushaji Charles Nagy, akawapa mikataba ya miaka kadhaa kabla ya wakati wake. Wao wakapata uhakika, yeye akapata muda. Mwaka 1994 uwanja mpya ukafunguliwa, na mwaka 1995, msimu uliofupishwa na mgomo, Cleveland wakashinda mechi 100 kati ya 144 na kufika fainali ya World Series kwa mara ya kwanza tangu 1954. Walichukua ubingwa wa kundi lao miaka mitano mfululizo. Tiketi ziliisha mechi 455 mfululizo, kuanzia Juni 1995 hadi Aprili 2001. Mji uliokuwa unacheza mbele ya viti vitupu ukawa hauna pa kukaa.

Ubingwa wa World Series, hapana. Walipoteza mwaka 1995, mbele ya Atlanta hawahawa, wakapoteza tena 1997. Albert Belle akaenda Chicago, Manny Ramírez akaenda Boston kwa milioni 160, Jim Thome akaenda Philadelphia. Hata Baerga, mmoja wa wale wa kwanza, alibadilishwa kwa wachezaji wengine katikati ya msimu wa 1996. Hart mwenyewe baadaye alihamia Atlanta na kuongoza shughuli za besiboli pale kabla ya Alex Anthopoulos kushika usukani Novemba 2017. Hivyo mbegu ile ilihama na mtu wake.

Sasa Chicago. Novemba 2016, tena mjini Cleveland, mechi ya saba ya World Series, mwishoni kabisa. Mpira dhaifu unaviringika kuelekea beisi ya tatu. Nyasi zimelowa mvua. Kris Bryant anauokota, mguu unateleza, na huku anateleza uso wake tayari unatabasamu. Anautupa kwa Anthony Rizzo kwenye beisi ya kwanza. Rizzo anaudaka na kuutia mfukoni nyuma ya suruali. Cubs mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1908. Timu ilikuwa changa kiasi kwamba kila mtu alizungumzia mataji matatu au manne yajayo.

Hakuna lililokuja. Rizzo alikuwa amesainishwa mapema, tangu 2013. Bryant na Javier Báez hawakuwahi. Mwaka ukaenda, mwaka ukaja, kila upande ukisubiri, bei ikipanda, viwango vikishuka, imani ikipungua. Julai 2021, ndani ya tarehe 29 na 30, wote watatu waliondoka: Rizzo kwa Yankees, Báez kwa Mets, Bryant kwa San Francisco. Siku mbili zikamaliza kazi ya miaka kumi.

Na Washington? Hawa walitwaa ubingwa mwaka 2019. Tayari Bryce Harper alikuwa amekwenda Philadelphia. Baada ya ubingwa Anthony Rendon akaenda kwa Angels. Washington wakatoa dola milioni 245 kwa mrushaji Stephen Strasburg, shujaa wa fainali ile, mwenye miaka 31 na mkono uliokwisha fanyiwa upasuaji. Baada ya kusaini alicheza mechi nane tu hadi mwili wake ulipokataa. Simlaumu yeye, aliutoa mkono wake kwa ajili ya taji. Ila fedha zile zililipa kazi iliyokwisha fanyika, wakati kazi iliyokuwa mbele ilikuwa kwa Soto na Trea Turner. Turner akapelekwa Los Angeles mwaka 2021, Soto akafuata. Miaka mitatu tu baada ya kusherehekea, wachezaji niliowataja walikuwa wametawanyika, isipokuwa Strasburg, ambaye hakuweza tena kurusha.

Atlanta waliyaona hayo yote. Wao wenyewe walipata jeraha lao. Freddie Freeman, aliyekuwa nao tangu ujana na kuwapa taji la 2021, alifikia mwisho wa mkataba, mazungumzo yakavunjika, Machi 2022 akasaini na Los Angeles Dodgers. Aliporudi Atlanta Juni mwaka ule kupokea pete yake ya ubingwa, alilia mbele ya waandishi akashindwa kuendelea. Siku chache kabla hajasaini Los Angeles, Atlanta walikuwa wamekwisha mchukua Matt Olson, kijana wa Georgia, kutoka Oakland, na kesho yake wakampa miaka minane na milioni 168. Agosti wakamsainisha Austin Riley miaka kumi kwa milioni 212. Agosti hiyohiyo Michael Harris, mzaliwa wa Georgia mwenye miaka 21 na miezi isiyofika mitatu kwenye ligi kuu, miaka minane kwa milioni 72. Oktoba mrushaji Spencer Strider, miaka sita kwa milioni 75.

Mimi napenda sana walichofanya mwaka ule, na nitasema kwa nini. Mtoto wa Atlanta aliyenunuliwa jezi ya Harris akiwa darasa la kwanza ana matumaini ya kweli kuivaa hadi imbane kwenye mbavu. Wachezaji wanajuana: Albies anajua Acuña atakimbia lini bila kuambiwa. Mwaka 2023 timu ile ilishinda mechi 104 na kupiga mipira 307 nje ya uwanja, ikifikia rekodi ya ligi kuu.

Lakini Philadelphia waliwatoa mapema mwaka 2022, wakawatoa tena 2023. Mwaka 2024 Acuña akaumia, Strider akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Mrushaji wao Max Fried hakuwa amesainishwa mapema; Desemba 2024 akaenda Yankees kwa milioni 218. Mchezaji wao mwingine, Dansby Swanson, alikwishaondoka kwenda Chicago. Mwaka 2025 timu ikashinda mechi 76 na kupoteza 86, ikakosa hata mechi za mtoano.

Wapo wanaosema hapo ndipo mpango wote ulipoonekana batili. Naona wamekosea. Mkataba unaweza kumshika mtu. Hauwezi kuishika kano ya goti lake. Kosa la Atlanta, kwa macho yangu, ni kuamini kwamba uti wa mgongo ukiwa imara mwili mzima utajisimamia. Waliacha nafasi ya Swanson bila mtu wa kudumu, waliacha kundi la warushaji likonde, na kwa sababu wapigaji wao walikuwa wamefungwa kwa miaka mingi, hakukuwa na haraka ya kujiuliza. Mikataba ile mirefu ilitakiwa iwape akiba ya kununua waliopungua. Akiba ile isipotumika, basi vijana wamekubali kulipwa kidogo kwa faida ya nani?

Hapo ndipo suala la haki na suala la ushindi linapokutana. Ipo njia nyingine ya kuandika mikataba hii, na imekwisha jaribiwa. Agosti 2022 Seattle walimsainisha Julio Rodríguez akiwa katika msimu wake wa kwanza. Fedha za uhakika ni kama dola milioni 210, lakini mkataba unaweza kupanda hadi karibu milioni 470 kulingana na kura atakazopata za mchezaji bora. Akiumia, hakosi. Aking'ara, klabu haijifichi nyuma ya saini ya kijana wa miaka 21. Februari 2024 Kansas City, klabu ya mji mdogo, walimpa Bobby Witt Jr. miaka 11 na zaidi ya dola milioni 288, na wakampa haki ya kujitoa njiani akitaka. Klabu inayompa mchezaji mlango na bado akabaki, hiyo nina imani nayo kuliko inayofunga kwa makufuli.

Washington nao wamo tena katika mtihani uleule. Katika biashara ya kumtoa Soto walipata CJ Abrams na James Wood, vijana ambao wote wamekwisha chaguliwa kucheza mechi ya nyota. Saa yao ya miaka sita inakimbia.

Kwa Atlanta, kama klabu itatumia vipengele vyote vya kuongeza misimu, mkataba wa Albies unaisha mwishoni mwa 2027 na wa Acuña mwishoni mwa 2028, kila mmoja akikaribia miaka 31. Makubaliano ya sasa kati ya ligi na chama cha wachezaji yanaisha tarehe 1 Desemba 2026, na huenda kanuni zote nilizowaeleza zikabadilika. Ningekuwa na sauti pale Atlanta ningeomba wasisubiri tarehe yoyote kati ya hizo. Wamwite Albies kwanza, kabla ya Acuña, waichane ile karatasi ya milioni saba, wamwandikie nyingine.